Kumuuguza mgonjwa wa vinyama na saratani ya utumbo mpana: hatua kwa hatua, kutoka mapokezi hadi kliniki

Mwongozo huu umekusudiwa muuguzi wa wodi, hasa aliye katika hospitali isiyo na muuguzi maalumu wa wagonjwa wenye tundu la haja tumboni (yaani tundu linalofunguliwa kwa upasuaji ili kinyesi kitokee tumboni na kuingia kwenye mfuko), ambaye kwa hiyo ndiye atakayeulizwa kila kitu na mgonjwa, na ndugu zake, na pengine na daktari mwenyewe. Maagizo ya dawa na vipimo hutoka kwa daktari, na pale taratibu za hospitali yako zinapotofautiana na haya, zifuatwe za hospitali.

Kinyama cha utumbo, ambacho kitaalamu huitwa polipu, ni uvimbe unaomea kwenye utando wa ndani wa utumbo mpana, kingine kikiwa na kikonyo kama uyoga na kingine kikiwa kimelala bapa. Vingi havimdhuru mtu. Hata hivyo, vile vya aina ya adenoma vinaweza kugeuka saratani polepole, kwa kawaida katika muda wa miaka 10 au zaidi, na kadiri kinavyozidi sentimita 1 ndivyo hatari inavyopanda. Kikiondolewa mapema, saratani ambayo ingetokana nacho haitokei. Miaka hiyo 10 ndiyo nafasi tuliyo nayo, na kwetu mara nyingi hupotea kwa sababu moja tu: mgonjwa aliona haya kueleza choo chake, na mhudumu naye akaona haya kuuliza.

Hatua ya kwanza: kuchukua historia

Mgonjwa akisema "nina bawasiri", pokea maneno yake lakini usiyaandike kama utambuzi wa ugonjwa. Bawasiri ni jina ambalo watu hulipa kila damu inayotoka njia ya haja kubwa, na wapo wanaofika wodini wakiwa wamepaka dawa na kunywa mizizi kwa mwaka mzima bila mtu yeyote kuwapima kwa kidole. Msalimie kwa heshima inayomstahili, vuta pazia, waombe ndugu watoke kidogo, kisha uliza kwa lugha nyepesi: "Shikamoo baba. Choo chako siku hizi kikoje?" Ikiwa wewe ni binti na mgonjwa ni mzee wa umri wa baba yako, au kinyume chake, na unaona anakwepa, mwombe mwenzako wa jinsia yake amalizie maswali; hilo si udhaifu wa kazi.

Yanayotakiwa kuandikwa ni haya: damu inadondoka baada ya choo au imechanganyika nacho; ni nyekundu mbichi au nyeusi; kuna ute; choo kimebadilika tangu lini, kuwa kigumu, cha kuhara au chembamba; mgonjwa anabaki akihisi kuwa choo hakijaisha hata baada ya kutoka chooni; uzito umepungua au nguo zimelegea. Uvimbe ulio upande wa kushoto wa utumbo au kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, huonyesha mabadiliko ya choo na damu mapema. Ulio upande wa kulia huvuja damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho, na mgonjwa huja akilalamika uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, kisha hupewa vidonge vya kuongeza damu na kurudishwa nyumbani. Mwanamume yeyote, au mwanamke aliyekoma hedhi, mwenye upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma bila sababu inayojulikana, anastahili kuchunguzwa utumbo mpana. Ukiona faili lake halina mpango huo, mkumbushe daktari.

Uliza pia kuhusu ndugu wa damu waliougua saratani ya utumbo na umri waliokuwa nao, kisukari, ugonjwa wa figo, dawa za kuyeyusha damu na aspirini, na dawa za mitishamba. Uliza hili la mwisho bila kukaripia, maana mgonjwa aliyekaripiwa mara moja hatasema ukweli mara ya pili.

Hatua ya pili: kusafisha utumbo kabla ya kolonoskopi

Kolonoskopi ni kipimo cha kuingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa ili kuuona utumbo mpana wote. Utumbo ukiwa mchafu, kinyama hujificha chini ya kinyesi na kipimo hurudiwa, jambo ambalo kwa mgonjwa aliyesafiri kutoka wilayani ni hasara ya nauli, siku za kazi na pengine uhai.

Vidonge vya madini ya chuma husimamishwa siku 5 hadi 7 kabla, kwa kuwa hukifanya kinyesi kuwa cheusi na cha kunata. Dawa za kuyeyusha damu zisiguswe mpaka daktari aamue. Kuanzia siku 2 au 3 kabla, mgonjwa ale chakula chenye makapi kidogo, kama wali mweupe, mayai na samaki, na aache dona, maharage, mboga za majani, karanga, na matunda yenye mbegu ndogo kama mapera na pasheni. Siku ya kuamkia kipimo anatumia vinywaji vinavyopitisha mwanga tu: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa vizuri, na maji ya dafu kama figo zake ni nzima. Maziwa na uji havimo. Juisi ya rosela na ya bitiruti nazo hazimo, kwa sababu mabaki yake ndani ya utumbo hufanana na damu.

Dawa inayotumika zaidi ni ya unga wa polietilini glaikoli, unaoyeyushwa katika maji lita 4. Igawe mara mbili: lita 2 jioni, na lita 2 alfajiri ya siku yenyewe, glasi moja kila dakika 10 hadi 15. Kwa mfano, kipimo kikiwa saa nne asubuhi, sehemu ya pili ianze saa kumi alfajiri na kumalizika kabla ya saa mbili. Ikipozwa kidogo hunyweka kwa urahisi. Mgonjwa anayetapika, ambaye tumbo limejaa na hajatoa upepo, asipewe dawa hii kabla daktari hajamwona, kwani utumbo wake huenda umeziba.

Usimwulize tu kama amemaliza kunywa. Nenda ukaangalie kinachotoka. Utumbo uko tayari pale kinachotoka kinapokuwa maji ya njano yaliyo safi kama mkojo. Kikiwa bado cha kahawia au kina vipande, toa taarifa kabla mgonjwa hajapelekwa chumba cha kipimo. Usiku huo mzee anaweza kwenda chooni mara 10 na zaidi, na choo cha wodi kwa kawaida kiko mwisho wa ukumbi. Msogezee kiti cha choo au ndoo yenye mfuniko, acha taa ikiwaka, na mpe mafuta ya mgando apake sehemu ya haja isichubuke. Mwenye kisukari apangwe wa kwanza asubuhi, apimwe sukari usiku na alfajiri, na asichomwe dozi yake ya kawaida ya insulini akiwa hajala bila agizo jipya.

Hatua ya tatu: wakati wa kipimo na saa zinazofuata

Hakikisha fomu ya ridhaa imesainiwa na mtu aliyeelewa, dripu imewekwa, na meno ya bandia yametolewa. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Anapopewa dawa za kutuliza, kazi yako ya kwanza ni pumzi yake: oksijeni katika damu, mapigo, presha, na rangi ya midomo. Flumazenili na naloksoni, dawa za kuondoa nguvu ya dawa za kutuliza, ziwe mezani zikionekana, zisiwe kabatini ambalo ufunguo wake uko kwa mtu wa zamu nyingine.

Kinyama kikikatwa, kiwekwe katika formalini ya asilimia 10, yenye ujazo usiopungua mara 10 ya kinyama chenyewe, na chupa iandikwe jina, namba ya hospitali na sehemu kilipotolewa. Kila kinyama kiwe na chupa yake. Vinyama vitatu vya sehemu tatu vikitiwa chupa moja na kimoja kikakutwa na saratani, daktari wa upasuaji hatajua akate wapi.

Baada ya kipimo, pima dalili muhimu (presha, mapigo, pumzi na joto) kila dakika 15 katika saa ya kwanza, au mpaka aamke kabisa. Tumbo kujaa upepo na kunyonga kidogo ni kawaida. Mwambie autoe upepo bila kuona haya. Lisilo la kawaida ni maumivu yanayozidi kila saa, tumbo kukakamaa, homa, maumivu ya bega, au mapigo kupanda: utumbo unaweza kuwa umetoboka. Mzuie kula na kunywa, hakikisha dripu inapita, na mwite daktari papo hapo.

Damu nayo inaweza kutoka hata wiki 2 baada ya kinyama kukatwa, wakati kigaga kinapobanduka. Kwa hiyo aliyekatwa kinyama kikubwa, na ambaye kijiji chake kiko mbali na hospitali yenye damu ya kuongezewa, ashauriwe kukaa kwa ndugu wa mjini kwa siku hizo akiweza. Kwa saa 24 asiendeshe chombo chochote, asisaini mikataba, wala asipande bodaboda peke yake.

Hatua ya nne: majibu

Majibu ya patholojia, yaani ya kinyama kilichochunguzwa maabara, hutolewa na daktari, lakini muuguzi awepo, kwa kuwa baada ya neno "saratani" mgonjwa husikia machache sana ya yanayofuata, na jioni atakuuliza wewe. Ndugu mara nyingi huomba mgonjwa afichwe. Waeleze kwa upole kuwa kwanza ataulizwa mwenyewe anataka kujua kiasi gani na nani asikilize pamoja naye. Wengi hutaka kujua, na wengi walishahisi zamani.

Hatua ya tano: maandalizi ya upasuaji

Mbali na vipimo vya kawaida, mgonjwa hupigwa picha ya CT ya kifua na tumbo, kwa sababu saratani hii hukimbilia zaidi ini na mapafu, na hupimwa CEA, protini ambayo saratani hii huweza kuipandisha katika damu, ili baadaye kuwe na kiwango cha kulinganisha. Damu iandaliwe. Antibiotiki ya kinga hutolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kisu, hivyo kuichoma wodini saa tatu kabla hakumsaidii.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kuchagua mahali pa tundu la haja tumboni. Tundu likiwekwa vibaya, mfuko hautashika, na mgonjwa atanuka na kuchubuka kila siku ya maisha yake. Mahali patiwe alama kabla ya upasuaji, na aliyefundishwa, mgonjwa akilala, akiketi, akisimama na akiinama. Pawe ndani ya msuli wa katikati ya tumbo, mbali na kitovu, makovu, mikunjo na mfupa wa nyonga, na mahali ambapo mwenyewe anapaona. Mtu mwenye kitambi asiwekewe chini ya kitambi. Vitabu vingi husema "epuka mstari wa mkanda". Kwetu mwombe mama afunge kanga au kitenge chake kama afungavyo akienda shambani, na mzee afunge kikoi au msuli wake, kisha uone fundo linaangukia wapi.

Kwa Mwislamu, swali la swala huja mapema kuliko la chakula. Hukumu ya mwenye udhuru wa kutokwa na uchafu asioweza kuuzuia inajulikana katika fiqhi, na kwa kawaida huelekezwa kutawadha kwa kila swala baada ya wakati kuingia. Mwambie amwone sheikh wake kabla ya upasuaji, asije akaacha kuswali kwa kudhani ameshakuwa najisi daima.

Hatua ya sita: siku za mwanzo baada ya upasuaji

Mgonjwa aliyetoka kwenye nusu kaputi apimwe dalili muhimu kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kisha muda urefushwe akitulia. Mkojo usipungue nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Maumivu yatulizwe vya kutosha ili aweze kukohoa na kusimama: mfundishe kukumbatia mto juu ya kidonda anapokohoa, mketishe siku hiyo hiyo au kesho yake, na mtembeze mara kadhaa kwa siku. Kutembea hulinda mapafu, huamsha utumbo na hupunguza damu kuganda miguuni. Chakula huanza mapema siku hizi kuliko tulivyofundishwa zamani. Kusubiri mpaka apate choo si lazima kama daktari ameruhusu.

Siku ya 3 hadi ya 7 ndizo za kuogopwa, kwa sababu ndipo mshono wa utumbo hupenda kuachia. Dalili ya kwanza mara nyingi ni mapigo ya moyo yanayopanda bila sababu, kisha homa, maumivu mapya, tumbo kujaa, au mzee aliyekuwa timamu kuanza kuchanganyikiwa. Ukiona mrija wa kutoa majimaji unatoa kitu chenye harufu ya kinyesi, usisubiri raundi ya asubuhi.

Tundu liangaliwe kila zamu. Liwe jekundu na lenye unyevu kama ndani ya shavu. Likigeuka zambarau, kijivu au jeusi, au likizama ndani, daktari wa upasuaji aitwe. Kuvimba ni kawaida, na huendelea kupungua kwa wiki 6 hadi 8.

Hatua ya saba: kumfundisha kulitunza tundu

Mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla hajabadilisha mfuko kwa mikono yake mwenyewe mbele yako, angalau mara mbili. Mkewe au binti yake naye afundishwe, lakini asije akafanywa ndiye mwenye tundu. Siku ya kwanza huenda mgonjwa akakataa hata kulitazama. Mwache atazame wewe ukifanya kazi hiyo kwa uso wa kawaida, bila kukunja pua, maana yeye anasoma uso wako kuliko maneno yako.

Mfuko humwagwa unapofika theluthi moja, kabla uzito haujaubandua. Bamba linalonata hubadilishwa kila siku 3 hadi 5, na mara moja linapovuja. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya kula. Bandua taratibu kutoka juu huku mkono mwingine ukishikilia ngozi. Osha kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini, bila spiriti, bila sabuni ya manukato. Kausha kwa kugusagusa. Pima tundu, kata duara lililo pana kwa milimita 2 au 3 tu kuliko tundu, bandika, kisha weka kiganja juu kwa dakika moja ili joto la mkono lishikishe gundi. Tundu halina hisia ya maumivu, kwa hiyo likikwaruzwa mgonjwa hatajua. Damu kidogo anapolifuta si hatari. Ngozi ikiungua, angalia kwanza ukubwa wa duara, kwa kuwa mara nyingi tundu limeshanywea na mgonjwa bado anakata kipimo cha hospitali.

Mifuko ni ghali, na nje ya miji mikubwa ni adimu. Piga hesabu pamoja na familia mapema: abadilishaye kila siku 3 anahitaji 10 kwa mwezi, bila ya akiba. Mifuko inapokwisha, watu hufunga mfuko safi wa plastiki au vitambaa kwa mkanda wa kitambaa, na kuwakaripia hakuleti mfuko. Wafundishe kulinda ngozi kwa krimu ya zinki au mafuta ya mgando, kubadilisha kila inapochafuka, na kufua na kuanika vitambaa juani. Mifuko ya kubandika ikipatikana tena, mafuta hayo yaondolewe yote, la sivyo gundi haitashika.

Mwenye tundu la utumbo mpana hurudia chakula cha kawaida polepole. Mwenye tundu la utumbo mwembamba anahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu hupoteza maji na chumvi mchana kutwa. Kinachotoka kikizidi lita moja na nusu kwa siku, kinywa kikikauka na mkojo ukipungua, anywe maji ya ORS badala ya maji matupu, na aje hospitali. Kufunga Ramadhani ni suala la kuzungumzwa na daktari kabla mwezi haujaandama. Kwa wiki 6 hadi 8 aepuke mahindi ya kuchoma, karanga, vipande vya nazi na uyoga, ambavyo vinaweza kuziba tundu, na kila kitu akitafune sana. Kwa muda huo huo asinyanyue ndoo ya lita 20, asibebe kuni wala asilime, asije akapata ngiri pembeni mwa tundu. Suala la ndoa nalo lianzishwe na wewe, kwa kuwa yeye hataliuliza.

Hatua ya nane: tibakemikali na tiba mionzi

Si kila mgonjwa huzihitaji. Anayepewa oksaliplatini aambiwe kuwa baridi itamchoma: asinywe vya friji, asioge maji ya baridi, na aliye Njombe au Mbeya mwezi Juni avae glavu na soksi. Kapesitabini humezwa mara mbili kwa siku ndani ya dakika 30 baada ya kula, kwa kawaida kwa siku 14, kisha hupumzishwa siku 7. Viganja na nyayo zikiwa nyekundu na kuuma, jembe na mchi viwekwe kando, na daktari ajulishwe. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura ya usiku huo huo. Asimeze dawa ya malaria nyumbani na kulala.

Saratani ya puru huweza kuhitaji mionzi kabla ya upasuaji, ambayo mara nyingi hutolewa siku 5 kwa wiki kwa wiki 5 hivi. Nchini Tanzania hupatikana katika vituo vichache, vikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza. Kabla ya kuandika rufaa, uliza mgonjwa atalala wapi muda wote huo, kwani wanaoacha tiba katikati wengi wameshindwa malazi. Alama zilizochorwa kwenye ngozi zisifutwe.

Ugonjwa ukiwa umesambaa, mofini ya kunywa itolewe kwa saa, kila saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo, isipokuwa pale utumbo ulipoziba.

Hatua ya tisa: kuruhusiwa na kliniki

Fomu ya kuruhusiwa ionyeshe tarehe, wala si "arudi akipata nafasi". Aliyefanyiwa upasuaji wa saratani kwa kawaida hupimwa CEA kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 mpaka miaka 5 itimie, na hurudia kolonoskopi baada ya mwaka 1. Aliyeondolewa vinyama tu hupangiwa kulingana na patholojia: mwenye adenoma 1 au 2 ndogo anaweza kusubiri miaka 7 hadi 10, na mwenye iliyofikia sentimita 1 arudi baada ya miaka 3.

Mwisho, andika majina ya watoto na ndugu wa tumbo moja. Wao waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa mgonjwa, lipi litangulie: baba akigunduliwa akiwa na miaka 42, wanawe waanze wakiwa na 32. Akikutwa na vinyama mamia, ni ugonjwa wa kurithi, na watoto huanza kuchunguzwa wakiwa bado shuleni. Mpe mgonjwa umri huo umeandikwa kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, aende nayo nyumbani.